Nyumba ya mzee ufukweni: chokaa kwanza, vigae baadaye

Ukarabati wa nyumba ya mzee iliyo ufukweni, iwe Lamu, Pangani, Bagamoyo au Unguja, siku hizi huanza kwa lori la saruji. Watoto wamekutana sikukuu ya Idi, wameona lipu imebanduka ukumbini na doa la maji limetanda darini, wakachangishana. Aliye Muscat katuma zake, aliye London katuma zake, wa Dar es Salaam kaahidi vigae. Fundi anaitwa, anagonga ukuta, anasema kuta zimechoka, zinataka plasta ngumu. Baada ya wiki chache nyumba inang'aa. Masika mawili yakipita, plasta ile inavimba, na safari hii inabanduka na vipande vya jiwe.

Wenyewe hulaumu bahari. Lawama hiyo si ya haki, kwa sababu nyumba nyingi za mawe za pwani hii zimeishi na chumvi na upepo wa kusi zaidi ya miaka mia moja, na zile za zamani za Lamu zimepita mia mbili. Kilichobadilika ni dawa. Familia inachukua jengo lililojengwa kwa chokaa na kulitibu kwa saruji, kisha inashangaa mgonjwa akizidiwa. Inaanza na kinachoonekana, yaani rangi na vigae, na kuliacha paa livuje. Tena inafanya yote hayo bila warithi kukaa kitako na kukubaliana nani atailea nyumba mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi.

Ili kuelewa kwa nini saruji haifai, inabidi kwanza nyumba yenyewe ifahamike. Jiwe lake ni la matumbawe. La nchi kavu, lililochimbwa ardhini, ndilo linalojaza kuta. Lililokatwa baharini likiwa bichi ni laini, huchongeka kwa urahisi na kukaza likikauka, ndiyo maana mafundi wa kale walilitumia kwa vidaka, mihirabu na fremu za milango. Ukuta una unene wa nusu mita hivi. Kinachoshika mawe ni chokaa na mchanga, mara nyingi na udongo mwekundu ndani yake. Juu hupita boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba: vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, wastani chini ya mita 3, kwani mti wenyewe haukuruhusu zaidi. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa tabaka nene la chokaa na kokoto, likatwangwa kwa vipande vya mti mpaka likakaza. Hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu, na kwa nyumba za kale ndiyo paa pia. Maji ya mvua hutupwa nje kwa milizamu inayochomoza ukutani.

Hakuna kitu kigumu kabisa katika nyumba hiyo. Kila sehemu inanyonya unyevu kidogo, inautoa kidogo, na inakubali kusogea. Ardhi ya pwani ina chumvi. Maji hupanda kutoka kwenye msingi kupitia vitundu vidogo vya jiwe, mara nyingi hadi karibu mita moja, na yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi. Chumvi hiyo hujenga vichembe ndani ya vitundu, vichembe vinakua, na vikikosa nafasi vinapasua. Katika ukuta wa chokaa, kinachopasuliwa ni lipu, maana hapo ndipo maji yanapokaukia. Lipu ya chokaa ni nguo ya ukuta: ikichakaa inavuliwa, inavalishwa nyingine, na mwili unabaki mzima. Wazee walipaka chokaa upya kabla ya Ramadhani au kabla ya harusi, na watu wakadhani ni pambo. Ilikuwa ndiyo matengenezo yenyewe.

Saruji inaufunga mlango wa unyevu. Plasta yake haipitishi unyevu kwa urahisi, na ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake. Maji yakikosa njia ya kutokea mbele hupanda juu zaidi, au hukaukia ndani, na chumvi inaanza kulila jiwe lenyewe. Kwa nje ukuta unaonekana imara. Kwa ndani umegeuka unga. Rangi ya mafuta juu yake inamalizia kazi. Siku plasta inapoanguka na fundi akasema ukuta ulikuwa mbovu tangu zamani, anasema anachokiona, ila ubovu mwingi wa hapo umeletwa na ukarabati uliotangulia.

Saruji yenyewe ni ngeni kuliko watu wanavyofikiri. Hataza ya saruji ya Portland ilitolewa Uingereza mwaka 1824, kwa mwashi aliyeitwa Joseph Aspdin. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza kazi mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Katika kizazi kimoja tu mfuko wa saruji ukawa alama ya maendeleo, na tanuri za chokaa zikaachiwa wachache. Si kosa la saruji. Kwa nyumba mpya, kwa daraja, kwa shule, ni nyenzo ya heshima. Kosa ni kuilazimisha kuoana na jiwe la matumbawe.

Pwani nzima inakumbuka Desemba 25, 2020. Siku hiyo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Forodhani, Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka huku kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limeshatoa onyo mwaka 2012, sehemu ya baraza zake ilipoporomoka. Hili lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mji wenye mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985. Kama jengo lenye macho yote hayo juu yake liliweza kusubiri mpaka likaangukia watu, nyumba ya familia kule uchochoroni, isiyo na mhandisi wala bajeti, ina hatari kubwa zaidi. Na inapoanguka, inaangukia watoto waliolala.

Kwa hiyo ukarabati uanzie juu. Paa kwanza, milizamu na magata ya pili, mifereji ya kuondoa maji kwenye msingi ya tatu. Maji yanayovuja darini hufikia vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani, mahali pasipo hewa, na hapo ndipo boriti huoza bila mtu kuona, mchwa wakasaidia. Boriti inaonekana nzima katikati ya chumba, na kichwa chake kimekwisha. Fundi mwenye akili hutoboa kwa msumari mrefu palepale boriti inapoingia ukutani kabla ya kutaja bei ya kitu chochote. Familia inayonunua vigae kabla ya msumari huo kupita inapamba hatari.

Suluhisho la haraka ambalo wengi hushauriwa ni kubomoa dari la boriti na kumwaga zege lenye nondo. Hapa panahitaji uangalifu, kwani hoja inayosemwa mara nyingi, kwamba zege ni zito mno, haitoshi. Dari la kale la mawe na chokaa nalo ni zito sana. Matatizo ya zege ni mengine mawili. La kwanza ni ugumu: slabu hukaa kama kipande kimoja juu ya kuta zinazotaka kusogea kidogokidogo, na mkazo wote unaishia kwenye jiwe dhaifu. La pili ni kutu. Hewa ya bahari hupenyeza chumvi ndani ya zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, kutu ikichukua nafasi maradufu ya chuma kilicholiwa au zaidi, na zege linapasuka kutoka ndani. Atembeaye ufukweni mwa mji wowote wa pwani atayaona mabaraza ya zege yenye nondo zilizo wazi, mengine hayajafika hata umri wa mjukuu aliyeyalipia.

Jambo hili linawahusu pia wenye nyumba za tofali zilizojengwa juzijuzi Kigamboni, Nungwi au Diani, ambazo hazina jiwe la matumbawe hata moja. Mchanga uliozolewa ufukweni usiooshwa vizuri ni chumvi inayopandwa ndani ya nguzo. Nondo iliyofunikwa na zege la sentimita 2, kama ilivyo desturi ya bara, haiko salama mbele ya bahari; inahitaji karibu sentimita 5, na zege lililoshindiliwa sawasawa na kumwagiliwa maji mpaka likakomaa. Misumari na bawaba za kawaida zitakwisha haraka. Mabati membamba nayo hayana maisha marefu hapo. Ni afadhali nyumba ndogo iliyofanywa kwa vifaa vinavyoistahimili chumvi kuliko ghorofa linaloanza kumwaga vipande kabla deni lake halijaisha.

Turudi kwenye chokaa, maana ndiyo inayopuuzwa. Matumbawe au mawe ya chokaa huchomwa kwa moto mkali, nyuzi 900 hivi, yakatoa hewa ya kaboni iliyokuwemo. Kinachobaki ni kikali, hakishikwi kwa mkono mtupu. Kikikutana na maji kinachemka na kuwa unga au uji. Uji huo ukihifadhiwa chini ya maji kwa miezi unazidi kuwa bora. Ukipigwa ukutani pamoja na mchanga safi, kwa kawaida fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, unaanza kuvuta kaboni ile ile kutoka hewani na kugeuka jiwe tena, taratibu. Ndiyo maana haitaki haraka. Tabaka moja lisubiri jingine, ukuta ulowanishwe kabla, jua la Januari lizuiwe kwa magunia yenye maji. Miezi ya baada ya masika, upepo wa kusi ukivuma na jua likiwa la wastani, ndiyo inayofaa zaidi.

Mafundi wengi vijana watasema hayo ni mambo ya kizamani, na kwamba mteja hana subira. Wanasema kweli kuhusu mteja. Mtu aliyechukua likizo fupi kutoka ughaibuni anataka aondoke nyumba ikiwa imekwisha, apige picha, awatumie ndugu. Kuna pia pingamizi la gharama, na halipaswi kudharauliwa: chokaa yenyewe si ghali, ila siku za fundi ni nyingi. Jibu lake liko kwenye hesabu ya muda mrefu. Plasta ya saruji inayobomolewa na kurudiwa kila baada ya miaka michache, pamoja na mawe inayoyang'oa, ni ghali kuliko lipu iliyochukua msimu mzima na baada ya hapo ikahitaji kupakwa tu. Zipo kazi za kuigwa. Ile Zahanati ya Kale iliyo mbele ya bandari ya Zanzibar, iliyoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan miaka ya 1990, na nakshi zake za mbao zinatazamana na bahari hadi leo. Familia haina fedha za mfuko huo, lakini kanuni ni ileile, nayo haiuzwi: nyenzo mpya isiwe ngumu kuliko ya zamani.

Kwenye boriti, ukweli ni mchungu zaidi. Mikoko iliyojenga Lamu na Unguja ilijenga pia nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait. Majahazi yalibeba miti ya Lamu na ya Rufiji kwa karne nyingi. Misitu ikachoka. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje mwaka 1982, na Februari 2018 ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma, mikoko ikiwemo. Kuirudisha nyumba ya mzee katika hali yake kwa kuumaliza msitu unaolinda ufuko wake ni ujinga. Boriti nzima zibaki zilipo, zilizooza vichwa ziungwe kwa mbao ngumu, na zilizokwisha kabisa zibadilishwe kwa mbao za kupandwa zilizotiwa dawa ya mchwa. Nyumba haitapoteza heshima kwa hilo.

Upande wa bahari kuna kishawishi kingine: kuongeza chumba au baraza mbele, karibu na maji. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni ziachwe bila shughuli za kudumu. Wengi huiona sheria hiyo kama usumbufu wa maofisa, hadi waikumbuke Kunduchi, Dar es Salaam. Hoteli ya Africana ilikuwa hapo. Mmomonyoko uliila, huku mchanga uliopaswa kulisha fukwe hizo ukichimbwa kwenye vijito vinavyouleta. Na anayejenga ukuta wa mawe kujikinga peke yake mara nyingi humsukumia jirani mawimbi. Mtaa mzima ukubaliane, upande mikoko pale inapoota, uache mimea ya mchangani isikanyagwe, au uombe utaalamu wa serikali kwa pamoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa 2014, baada ya kazi iliyohusisha kuta na ufuko kwa pamoja. Ilichukua miaka kumi, na wenyeji walishirikishwa.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi kwa nyumba hizi linatoka ndani ya familia. Mzee akifariki, nyumba hugawanywa kwa hesabu lakini haigawanyiki kwa matofali. Chukua mfano rahisi wa mirathi ya Kiislamu: ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke ana thumuni. Saba ya nane iliyobaki inakwenda kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: kila binti anapata moja ya nane, kila kijana mbili ya nane. Hadi hapo ni wazi. Baada ya kizazi kimoja kila fungu limegawanyika tena, na nyumba moja ina wenyewe ishirini, nusu yao hawajawahi kulala humo. Shangazi anayeishi ndani, anayefagia na kuzibua milizamu, ana fungu dogo, na ndiye anayeambiwa atengeneze. Mwenye fungu kubwa yuko mbali na anataka kuuza. Paa linaendelea kuvuja wakati barua zinaandikwa.

Hapo ndipo dalali anapoingia. Shela ya Lamu na Mji Mkongwe zimeshuhudia nyumba nyingi zikinunuliwa na wageni tangu miaka ya 1980, na si haki kuwalaumu wanunuzi peke yao, kwa maana wengine walizitunza vizuri kuliko waliowauzia. Kinachouma ni bei ya kuchoka: familia inauza kwa sababu dari limeanguka, na dari limeanguka kwa sababu hakuna aliyetoa fedha ya magata miaka kumi mfululizo.

Warithi waandike makubaliano kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa chochote. Yaseme kila fungu litachangia kiasi gani kila mwaka, kwa uwiano wa hisa, hata mwaka ambao hakuna kilichovunjika. Yaseme anayeishi ndani na kuitunza nyumba anafidiwa vipi, maana kazi yake ni mchango kamili. Yaseme mtu akitaka kuuza fungu lake, ndugu wana muda gani wa kulinunua kwanza. Yapelekwe kwa kadhi au wakili yakasajiliwe. Wanaotaka nyumba isiuzwe kamwe wana njia ya wakfu, ambayo pwani hii inaijua tangu zamani. Lakini wakfu usio na mapato ya kuutunza umeshaacha magofu mengi, kwa hiyo duka la chini au chumba cha kupangisha kitengwe tangu mwanzo kwa ajili ya paa.

Serikali nazo zina deni. Lamu ina mpango wa hifadhi tangu 1986 na hadhi ya Urithi wa Dunia tangu 2001; Zanzibar ina sheria na mamlaka. Mwananchi wa kawaida hukutana na vyombo hivyo anapokatazwa. Anahitaji kukutana navyo anapotaka kusaidiwa: apate chokaa iliyokomaa kwa bei inayoeleweka, orodha ya mafundi waliopimwa, na mkaguzi wa kumtobolea boriti kabla ya masika bila kumtoza ada inayomkimbiza. Vyuo vya ufundi vya pwani viupe uashi wa chokaa nafasi kamili, wenye cheti na mtihani, na wazee wanaojua kuchoma tanuri na kutwanga sakafu walipwe kufundisha sasa, wakiwa na nguvu ya kusimama mbele ya vijana.

Kwa familia inayopanga kuanza mwaka huu, ratiba haina siri. Makubaliano yaandikwe na boriti zikaguliwe wakati wa kaskazi. Paa, magata na milizamu viwe tayari kabla ya mvua za Machi, na plasta ya saruji ya zamani ibanduliwe kwa patasi, taratibu, ukuta upumue masika yote hata ukionekana mbaya. Lipu mpya ipigwe masika yakiisha, kusi ikivuma. Vigae, kama bado fedha ipo, vije mwaka unaofuata.